Jibu Lilikuwa Chini ya Sita

Nilifundisha darasa la nne kule Uvira, Kongo, miaka tisa, na katika miaka yote hiyo namba hazikuwahi kunivunjia heshima. Watu walinivunjia, na upepo uliezua paa la darasa langu mara mbili, lakini 864 ukiigawanya kwa 6 ilinipa 144 kila nilipoiandika ubaoni. Ndiyo maana nikikumbuka kwamba hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyotutia aibu Durban, mimi na binti yangu, hucheka kwanza, halafu huacha kucheka.

Ilikuwa mwaka 2013. Tulikaa mtaa wa Berea, kwenye ghorofa la zamani lenye ngazi zinazonuka sabuni ya sakafu. Chumba kimoja kilikuwa chetu, na jiko tulichangia na jirani, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akiuza vifuniko vya simu mjini. Mimi nilisuka nywele saluni, nikisimama tangu asubuhi mpaka miguu inasahau kazi yake. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumefika mwaka mmoja na nusu kabla, na muda wote huo alishinda saluni akinishikia rasta, kwa sababu karatasi zetu zilikuwa bado zinazunguka maofisini. Zilipokamilika nikampeleka shule ya msingi iliyokuwa juu ya kilima, na shule ikamweka Grade 4.

Grade 4! Mtoto aliyemaliza la nne mikononi mwangu, kwa chaki yangu, akiwa wa tatu darasani! Naibu mkuu wa shule, bwana mpole mwenye tai, alieleza kwamba Kiingereza chake bado. Kisha akasema maneno ambayo binti yangu mwenyewe alinitafsiria: "Tutaangalia atakavyofanya, halafu tutaona." Aliyasema huku akitafuta kalamu yake kwenye droo, na nadhani aliwaambia hivyo wazazi wote. Mimi niliyabeba mpaka nyumbani na kuyaita ahadi.

Wenzake darasani walikuwa na miaka tisa, kumi. Alikaa nyuma kabisa, maana kichwa chake kiliwazuia wengine kuona ubao. Haikupita wiki wakampa jina: gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Alinisimulia akicheka. Lakini siku moja niliwahi kumfuata nikamwona kwenye mapumziko, ameketi ukutani peke yake, magoti marefu, akila mkate wake huku tumbili wa Berea wakimvizia kutoka juu ya paa. Hata tumbili walikuwa wawili wawili. Nikajiapiza palepale kwamba Januari inayofuata atakaa na watoto wanaokaribia rika lake, Grade 6.

Mwezi wa nane akaja na barua. Darasa lake lingefanya mtihani wa taifa, Kiingereza na hesabu, karatasi moja kwa nchi nzima.

Mtihani wa taifa! Asiyesoma Kongo hawezi kujua maneno hayo yanafanya nini kwenye damu ya mzazi wa kwetu. Kwetu mtihani wa taifa wa kumaliza msingi unakuja ndani ya bahasha zilizofungwa, na siku hiyo mtaa mzima unafunga na kuomba. Matokeo yakitoka, aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani, ile poda nyeupe ya watoto wachanga, na anatembezwa mtaani akiwa mweupe hivyo hivyo kwa vigelegele na sufuria. Aliyeanguka anajifungia ndani. Kwa hiyo mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba hii ndiyo ile "tutaona" ya naibu. Kwetu anayepata hamsini kwa mia amefaulu. Akipata hamsini, anaruka darasa.

Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini, kama ilivyo kawaida yangu.

Nikanunua kopo la poda mapema na kuliweka juu ya kabati, mahali ambapo alikuwa analiona kila akiamka. Kazi ikaanza. Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati la nguo, wa rangi ya kahawia iliyokolea, na chaki ilikuwa ile bapa ya fundi cherehani aliyekuwa mlango wa pili kutoka saluni. Kila jioni tulikula, tukaosha vyombo, kisha tukagawanya.

Kwa nini kugawanya? Kwa sababu nilifungua daftari lake la shule nikakuta maajabu. Kugawanya 864 kwa 6, walikuwa wameivunja namba vipande: 600, halafu 240, halafu 24. Kila kipande kinagawanywa peke yake, kisha majibu yanajumlishwa. Namba nzima, yenye afya yake, inapasuliwa kama kuni! Kwetu tunaandika 864 kushoto. Kulia kwake tunachora mstari wa kusimama na mwingine wa kulala, 6 inakaa juu ya ule wa kulala, na jibu linaandikwa chini ya sita, tarakimu moja moja. Kushoto mabaki yanateremka mpaka yanaisha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyofundisha.

"Mama, kwa masomo hatufanyake vile," alisema jioni ya kwanza.

"Banafanyaka namna gani?"

"Banavunja namba."

"Sisi hatuvunje. Sisi tunagawanya. Andika."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake ya wali, akisikiliza, kama kawaida yake. "Mwalimu," akaniita, maana ndivyo alivyonitania tangu aliponiona na ile chaki, "ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mwache mtoto afanye ya huku."

"Mimi sina chongo, jirani."

"Haya, basi iko vile," akasema kwa kuniigiza, akaenda zake akicheka. Hakuchoka kuicheka "iko" yetu. Alisharudi kwao miaka mingi sasa, na huwa nafungua sufuria ya wali peke yangu nikitamani mtu asimame mlangoni aniudhi.

Nikamgeukia binti na kumpa methali, kwa kuwa somo langu lilikuwa haliishi bila methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto wa kuitikia.

Nazipenda jioni zile, ingawa nilikuwa mkali. Dirisha liko wazi kwa ajili ya joto, chini vijana wa chuo wanaitana kwa Kizulu, na binti yangu amesimama mbele ya kabati, unga wa chaki umemwingia kwenye nyusi. Nguo zetu zote zilikuwa na chaki mwezi ule. Kwenda saluni nilikuwa nakung'uta sketi, na wateja wakiuliza, nilijibu kwamba nafundisha. Sikusema nafundisha nani.

Jumapili ya mwisho nikapeleka kalamu zake kanisani. Tulisali ukumbini, juu ya duka la fanicha, na mchungaji wetu alikuwa na desturi ya nyumbani ya kuombea kalamu za watahiniwa. Siku hiyo mezani kulikuwa na kalamu za vijana wawili wa matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, na za binti yangu: kalamu tatu, penseli, rula na kifutio. Vijana wale wakamtazama. Mchungaji akauliza huyu mdogo anaingia mtihani gani.

"Ya taifa, pasta," nikajibu kwa sauti, na amina ikatikisa madirisha.

Siku yenyewe niliomba ruhusa saluni. Nilikuwa nimempigia pasi hata soksi. Tulipanda kilima, nikitegemea kukuta wazazi getini na Biblia zao. Nikakuta watoto wanakimbizana kama siku zote, na mmoja analia kwa sababu amesahau penseli. Mzazi hakuwepo hata mmoja. Nikasimama pale hivyo hivyo, mikono nimeikunja, kwa sababu kwetu mtoto akiwa ndani ya mtihani mzazi haendi kusuka watu. Mlinzi, mzee wa Kizulu, alinivumilia nusu saa, kisha akaja kuuliza kwa Kiingereza kama mtoto ameumia. Nikamwambia hapana, mtoto anafanya mtihani. Akangoja nimalizie habari. Nilikuwa nimeshamaliza.

"Eish, mama," akasema, akaniletea kiti cha plastiki.

Binti alipotoka sikumwuliza kama ana njaa. "Kugawanya ilikuwako?"

"Ilikuwako. Tano."

"Ulifanya namna gani?"

"Namna yako, mama."

Nikambusu kichwani mbele ya mlinzi. Hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba nilimbusu kwa sababu hiyo.

Karatasi zilirudi Oktoba. Alikuja nazo saluni, akaziweka kwenye meza ya vitana, akachukua ufagio na kuanza kufagia nywele bila kuagizwa. Kiingereza, hamsini na tatu. Hesabu, arobaini na nne. Nikafungua ndani. Kujumlisha, tiki. Kutoa, tiki. Kugawanya, misalaba mitano myekundu. Na majibu yalikuwa sahihi! 144 ilikuwa pale chini ya sita, imekaa kama nilivyomwekea mimi mwenyewe kwenye kabati. Niliwaka. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama, na nadhani mteja yule hakurudi tena. Nilisema mambo juu ya mwalimu wa watu ambayo sitayaandika hapa, mengine kwa Kifaransa, lugha ninayoitumia nikitaka hasira yangu ionekane imesoma.

Kesho yake baada ya masomo nikapanda kilima na karatasi mkononi, binti nyuma yangu kama mtafsiri. Mwalimu wake alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Durban, aliyekaribia kustaafu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Nikaweka karatasi mezani na kidole juu ya 144. Katika Kiingereza changu kidogo, hasira iliniachia maneno mawili tu: jibu, sahihi.

Akaangalia muda mrefu. Kisha kalamu yake ikaenda upande mwingine, chini kushoto, pale mabaki yalipoishia.

"Anasema hapa njo aliona jibu," binti akatafsiri. "Zero. Anasema namba zilishuka, zikaisha na zero. Hii ya pembeni alizani nilikuwa najaribu-jaribu tu."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Mama huyu hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amezifuata zile hesabu tano moja moja mpaka chini, kwa uvumilivu, akitafuta jibu mahali alipozoea kulikuta, na kila mara akakutana na baki. Ningekuwa mimi Uvira, na mtoto mgeni akaniletea namba zilizovunjwa vipande, ningempa sifuri pia, na pengine fimbo.

Nikatazama ubao wao. Ulikuwa wa kijani, umefutwa nusu, na ukingoni palikuwa na vipande vya chaki. Sikuomba ruhusa, nilichukua.

Niseme ukweli kuhusu chaki ile. Zaidi ya miaka miwili nilikuwa nimeshika kitana, rasta, na ile chaki ya fundi inayoteleza kama kipande cha sabuni. Chaki ya kweli ina sauti. Mkono wangu uliandika 864 kubwa, hadi wa nyuma waone, na mgongo ukanyooka wenyewe. Nilikuwa nimeukosa ubao kuliko nilivyokosa nyumba yangu, na mpaka dakika ile sikuwa nimelijua hilo. Nikachora mstari wa kusimama na wa kulala. Nikageuka kulitazama darasa tupu, na kwa kuwa mwalimu akigeuka lazima aulize, nikauliza kwa Kiswahili: "Sita ndani ya nane, mara ngapi?"

"Mara moja," binti akajibu.

Yule mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti juu, miwani sasa iko puani. Tulipofika ishirini na sita aliinua vidole vinne kabla binti yangu hajafungua mdomo. Nilipomaliza akaja ubaoni, akachukua kipande kingine na kuifanya hesabu ile ile kwa namna yake pembeni ya yangu. 600, 240, 24. Mia moja, arobaini, nne. Tukafika wote 144. Nilikuwa nimeitukana namna ile miezi miwili mizima, na sasa nikaona kwamba nayo ni safi. Iliniuma, lakini nilikubali.

Halafu akaenda kwenye rundo la madaftari, akatoa la binti yangu na kulifungua mbele yangu. Zilikuwa kurasa na kurasa za kugawanya kwa kuvunja, tangu Aprili, tiki juu ya tiki, na nyota mbili za kubandika. Mimi daftari lile nililifungua mara moja tu, nikaona namba zilizovunjwa, nikalifunga kwa hasira; tiki sikuziangalia. Akamtazama binti na kumwuliza jambo fupi, kwa upole. Binti hakulitafsiri. Hakukuwa na haja. Aliijua njia yao, aliijua vizuri kabisa, na siku ya mtihani aliiacha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu alisikia, akavunjika.

Mwalimu akaeleza yaliyobaki, na binti akatafsiri akiwa ameangalia viatu vyake. Alama zilikwishatumwa, na huko zilikoenda zingebaki arobaini na nne. Tena mtihani ule haukuwa wa kumpandisha mtu wala kumshusha. Serikali ilitaka tu kujua shule zinafundishaje. Habari ya kuruka darasa hakuna aliyewahi kuifikiria, Januari ataingia Grade 5 na wenzake. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, alikaa nyuma ya darasa mwaka mwingine mzima. Yule mama akachukua kalamu nyekundu, akazipigia tiki zile hesabu tano moja baada ya nyingine, akajumlisha upya pembeni, hamsini na tisa, akatia sahihi.

"Anasema hii ni ya nyumbani," binti akasema.

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Chaki sikuifuta mikononi.

Tukateremka kilima. Kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, tukasimama kusubiri, taxi zikipita na muziki wake. Nilitaka kusema neno la msamaha, lakini miaka tisa ya ualimu haikunifundisha lolote la namna hiyo. Nikauliza tu, "Ya kwao uliijua. Sasa juu ya nini ulifanya yangu? Uliniogopa?"

Akatikisa kichwa. Robot ikawa ya kijani, na hatukuvuka.

"Ile karatasi ilikuwa inaenda kwa serikali," akasema. "Nilitaka bajue mama yangu iko mwalimu."

Nililia palepale, mchana, watu wakitupita pande zote mbili. Robot ilibadilika mara mbili nikiwa bado nalia, na binti yangu ameshika pindo la sketi yangu iliyojaa chaki, akisubiri nimalize.

Tulipofika nyumbani nikapanda kiti na kulishusha kopo la poda. Akarudi nyuma. "Mama, sikufaulu. Ni forty-four."

"Inama."

"Mama..."

"Nimesema inama."

Nikammwagia. Nikapiga vigelegele peke yangu mle chumbani, na jirani akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Kafaulu? Anaruka darasa?"

"Haruki."

"Sasa poda ya nini, Mwalimu?"

Binti alilichukua kopo mkononi mwangu, na kwa kuwa alikuwa amenikaribia urefu, hakuhitaji kiti. Akalimimina lote lililobaki juu ya kichwa changu.

Tukatoka hivyo hivyo, weupe wote wawili, tukashuka ngazi na kutembea mpaka duka la kona. Watu wa Berea wameshaona mengi, wakatupisha. Nje ya duka palikuwa na watoto wawili wa darasa lake, na walipomwona na zile nywele nyeupe wakapiga kelele, "Gogo! Gogo!" na safari hii hata mimi sikuweza kuwakatalia. Binti yangu akacheka mpaka poda ikamwangukia mabegani. Wakamwuliza kuna nini, naye akawaeleza kwa Kiingereza, haraka haraka, bila kunitafsiria chochote. Nilishika neno moja tu, ticha, na alipolisema alikuwa ananionyesha mimi kwa kidole.